Vitundu Vinavyozaa Fuwele

Virusi vya chikungunya vilitengwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 uliozikumba Newala na Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo, lakini umbo la protini zinazovifunika lilichorwa kwa undani mwaka 2010, pale kundi la Félix Rey wa Taasisi ya Pasteur, Paris, lilipootesha fuwele, yaani vipande yabisi ambamo molekuli zimejipanga kwa safu zinazojirudia, na kuzipiga eksirei. Kundi hilo liliondoa mikia ya protini inayojichimbia katika utando wa mafuta, likaunganisha protini mbili kwa uzi mfupi wa asidi amino ili zisiachane. Hata hivyo, protini iliyosafishwa vizuri bado inaweza kugoma kuwa fuwele, na hapo ndipo uso unaogusana na tone la mmumunyo wa protini unapopata umuhimu wake.

Molekuli chache zinazokutana ndani ya mmumunyo hushikana na kutawanyika tena, kwa kuwa gharama ya nishati ya kutengeneza ngozi ya kifungu kidogo huzidi faida ya kushikana kwa ndani. Ni kifungu kilichovuka ukubwa fulani tu, kiitwacho kiini, ndicho hukua. Mmumunyo ukikolezwa mno, viini huzuka kwa mpigo na kuzaa fuwele ndogo zisizofaa kupimwa.

Alexander McPherson na Paul Shlichta walionyesha mwaka 1988 kwamba nyuso za madini zinaweza kuchochea kiini, na hata unywele wa farasi umewahi kutumika. Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 2001, Naomi Chayen na wenzake walipotumia silikoni yenye vitundu vya nanomita chache, ukubwa unaolingana na wa molekuli yenyewe. Tofauti na vitundu hivyo, mikwaruzo inayoonekana kwa macho ni mipana mno kulinganishwa na molekuli hizo. Kitundu chembamba hujaa fuwele upesi, lakini fuwele hiyo hupata taabu kutoka nje na kuendelea kukua. Kipana hutoa njia, ila hujaa polepole. Hesabu za Amanda Page na Richard Sear za mwaka 2006 zilionyesha kuwa ukubwa wa kati ndio bora, na kwa kuwa ukubwa huo hubadilika kwa kila protini, kasoro ya vitundu visivyolingana, ambayo fundi wa kawaida angeiona uzembe, ndiyo inayoipa punje moja ya silikoni hiyo nafasi ya kuzifaa protini nyingi. Punje hiyo hutiwa katika tone lililokolezwa kiasi cha kulisha fuwele bila kuzusha viini vipya.