Kalamu Ibaki kwa Mwenye Swali

Mwanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam au Nairobi anaijua diskasheni. Saa nne usiku watu watano wamejibana kwenye chumba kimoja cha hosteli. Mmoja ana desa, mwingine alikuwa makini darasani, wa tatu haelewi kitu lakini maswali yake yanawatoa wenzake jasho. Hakuna aliyewapanga, hakuna anayewalipa, na hakuna mhasibu aliyewahi kuiona diskasheni kwenye bajeti ya chuo.

Sasa ondoa hosteli. Ndivyo vilivyo vyuo vingi vya jamii nchini Marekani, vyuo vya miaka miwili ambavyo kikongwe zaidi kati ya vile vya umma kilianza Joliet, Illinois, mwaka 1901. Vinapokea karibu kila mwenye cheti cha sekondari, ada zake ni nafuu, na anayetaka shahada huhamia chuo kikuu baadaye. Wengi wa wanafunzi wana kazi, wengine wana watoto, wengine ni wakimbizi waliofika juzi, wakiwemo Wakongomani wanaoongea Kiswahili nyumbani na kusoma biolojia kwa Kiingereza. Mtu anatoka zamu ghalani saa nane mchana, saa tisa yuko darasani, saa kumi na moja anasubiri basi. Atadiskasi na nani, na saa ngapi?

Huduma ya wanafunzi kufundishana katika vyuo hivi ni jaribio la kuunda kwa makusudi kile ambacho kwenye hosteli huota chenyewe. Kwa kuwa kinaundwa, lazima kila kipande kiamuliwe: nani aje, nani aongoze, akae wapi, na hasa anyamaze lini.

Kwamba diskasheni yenyewe ina nguvu, Uri Treisman alilibaini katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1970. Alitaka kujua kwa nini wanafunzi Weusi, wengi wao vinara wa shule walikotoka, walikuwa wakianguka kwenye kalkulasi ilhali wenzao wenye asili ya China wakifaulu. Watu walimpa majibu ya kawaida: hawana ari, hawakuandaliwa vizuri, familia hazijali, kipato kidogo. Alipowafuatilia kwa karibu, majibu hayo hayakusimama. Tofauti ilikuwa kwamba wale wa asili ya China walisoma kila mmoja peke yake kisha wakakutana, wakala pamoja, wakakaguana kazi. Wale Weusi walijifungia na vitabu na hawakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba swali lile limewashinda wote. Treisman akaanzisha vikao vya pamoja, na humo akaweka maswali magumu kuliko ya darasani. Hakuwapa masomo ya kurudia. Ufaulu ukapanda.

Hilo la maswali magumu linasahaulika sana. Vyuo vingi vikisikia neno msaada hufikiria kupunguza uzito wa somo.

Mfumo uliokuja kuigwa zaidi, hata na vyuo vya jamii, ulitoka kwingine. Mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Missouri–Kansas City, Deanna Martin alianza mpango unaojulikana hadi leo kwa herufi mbili, SI (Supplemental Instruction, yaani mafundisho ya nyongeza), akianzia kwa wanafunzi wa fani za afya. Desturi ilikuwa kumsubiri mwanafunzi aharibu, kisha kumtafutia mtu wa kumsaidia ana kwa ana. Njia hiyo ni ghali, na inamtia mtu aibu: chumba kikishajulikana kuwa cha walioshindwa, anayekihitaji hapiti hata karibu yake. Martin aliitoa lebo kwa mwanafunzi akaibandika kwenye kozi. Kozi ambayo asilimia 30 au zaidi ya waliojiandikisha hupata D au F, au huiacha njiani, ndiyo inayohesabiwa kuwa ngumu. Walioko darasani humo wote wanaalikwa tangu wiki ya kwanza, hata mwenye A. Kuhudhuria ni hiari. Mwaka 1981 Wizara ya Elimu ya Marekani iliutambua mpango huo kuwa wa mfano, na leo Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden na Chuo Kikuu cha Nelson Mandela nchini Afrika Kusini vinafundisha wengine kuuendesha.

Kiongozi wa kikao ni mwanafunzi aliyekwisha kuifaulu kozi hiyo vizuri. Analipwa kwa saa, na sehemu ya saa hizo ni za kukaa darasani upya, kusikiliza mihadhara ileile na kuandika. Mhasibu anayetafuta pa kubana macho yake yataangukia hapo: kwa nini tumlipe mtu asikilize alichokwisha kukijua? Lakini bila saa hizo kiongozi anaingia kwenye kikao akiwa mgeni. Hajui profesa wa muhula huu ameruka nini, wala ametumia mfano gani uliowachanganya watu.

Sasa tusogee hadi kwenye meza ambako mwanafunzi humfundisha mwenzake ana kwa ana. Mwanafunzi wa aljebra ameandika kwamba (x + 3)² ni sawa na x² + 9. Mkufunzi mwenye mazoea ya tuisheni angechukua kalamu, akakata, akaandika x² + 6x + 9, na mwenzake angeitikia kwa kichwa akisema ameelewa. Hajaelewa, amekubali tu. Mkufunzi aliyefunzwa anaiacha kalamu ilipo na kusema: hebu x iwe 1, pande zote mbili. Kushoto inatoka 16, kulia 10. Hapo anatakiwa anyamaze, na huo ndio ujuzi mgumu kuliko yote, kwa sababu kimya cha sekunde chache mbele ya mtu aliyekwama kinaonekana kama uzembe. Kisha anauliza: hizo 6 zimepotelea wapi? Mwenzake akichora mraba wenye upande wa x + 3 na kuukata vipande vinne, atakuta mistatili miwili ya 3x ambayo hakuihesabu.

Katika kikao cha SI mambo ni hayohayo, ila swali hurudishwa kwa kundi. Nani ana hili kwenye daftari lake? Wewe uliandikaje?

Ushahidi kwamba kunyamaza hakumpunji mwanafunzi upo. Mwaka 2001 Michelene Chi na wenzake walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa darasa la nane walifundishwa mmoja mmoja kuhusu mzunguko wa damu. Mara ya kwanza wakufunzi walieleza wapendavyo. Mara ya pili walizuiwa kueleza, wakaruhusiwa kuchokoza tu kwa maswali. Wanafunzi walijifunza kwa kiwango kinacholingana. Kwa hiyo ile sifa inayotolewa kila mara, kwamba rika hufaa kwa sababu anaeleza kwa lugha ya wenzake, naiona imewekwa pasipo pake. Faida ya rika ni kwamba hatoi alama, basi unaweza kumwonyesha ujinga wako mapema. Nyingine ni kwamba anafundishika kunyamaza. Profesa aliyelipwa miaka ishirini ili aeleze ukimwambia asieleze utamtesa bure.

California imeusukuma mfumo huu wa wanafunzi kufundishana mahali papya. Jimbo hilo lina vyuo vya jamii 116, na kwa miaka mingi mitihani ya kupanga madaraja iliwapeleka wanafunzi wengi kwenye kozi za kurudia zisizohesabiwa kwenye shahada, wengine wakaishia humo. Sheria ya AB 705, iliyotiwa saini mwaka 2017 na kuanza kutekelezwa kikamilifu mwaka 2019, ilivitaka vyuo viongeze kadiri iwezekanavyo uwezekano wa mwanafunzi kumaliza ndani ya mwaka mmoja kozi za Hisabati na Kiingereza zinazokubalika vyuo vikuu. Aliyekuwa apelekwe pembeni sasa yumo darasani na wenzake, na mkufunzi rika naye akaanza kuingizwa humohumo. Kimsingi ni hatua nzuri. Lakini profesa akihutubia kipindi kizima, mkufunzi huyo anabaki amesimama ukutani kama msimamizi wa mtihani. Kinachohitaji kubadilika kwanza ni mpango wa somo la profesa, na hilo si jambo ambalo kituo cha masomo, kinachowasimamia wakufunzi rika, kinaweza kumwamuru.

Kupima mafanikio nako kuna mtego. Ripoti nyingi hulinganisha waliohudhuria vikao na wasiohudhuria, na waliohudhuria huonekana wamefaulu zaidi. Kwa kuwa kuhudhuria ni hiari, huenda tunapima bidii waliyokuja nayo. Kwenye chuo cha jamii kuna jingine: asiyekuja mara nyingi yuko kazini, kwa hiyo takwimu inaweza kuwa inapima ratiba ya zamu za ghalani. Kipimo cha haki zaidi ni kuitazama kozi nzima, yaani wangapi walipata D na F na wangapi waliiacha kabla na baada ya vikao kuanza. Lebo ilibandikwa kwenye kozi, basi hesabu nayo ifanyiwe huko. Na ili mwenye zamu naye apate nafasi, kikao kiwekwe mara tu kipindi kinapokwisha, chumba kilekile, kabla ya basi.

Linalobaki bila dawa ni muda. Chama cha CRLA (College Reading and Learning Association) hutoa ithibati ya mafunzo ya wakufunzi kwa ngazi tatu, na ile ya kwanza imezoeleka kudai saa 10 za mafunzo na saa 25 za kufundisha. Kwa mwanafunzi anayesoma kozi zake na kufanya kazi, hizo si saa za wiki mbili. Akifika ngazi ya juu, aliyejifunza kuiacha kalamu ilipo na kungoja, huwa ameshapata barua ya kuhamia chuo kikuu, na muhula unaofuata msimamizi wa kituo anaanza upya na kijana ambaye mkono wake bado unaikimbilia kalamu ya mwenzake.