Mzigo kwanza, mnyama baadaye

Paja la nyuma la wapiti dume, likiwa na mfupa wake, lina kilo 27 hivi, na la dume mkubwa huzidi hapo. Namba hiyo niliijua kwenye karatasi miezi minane kabla ya kuibeba mgongoni. Mahali tulipopiga kambi, njia tuliyopita, hata mnyama tuliyekataa kumpiga siku ya tatu, vyote vilitokana na kilo hizo 27. Kila ninapowasimulia watu safari ile, swali la kwanza huwa juu ya bunduki. Bunduki ilifanya kazi ya sekunde moja. Kazi nyingine yote ilikuwa uchukuzi, na uchukuzi ndio nitakaouchambua hapa.

Wapiti ni jamii ya kulungu, ila ukimwona mara ya kwanza utadhani ni farasi aliyeota pembe. Dume hufika kilo 300. Jina lake limetoka katika lugha ya Washawnee, wenyeji wa asili wa Marekani, nalo linataja weupe wa matako yake. Wamarekani wa leo humwita elki. Jimbo la Colorado lina wapiti wengi kuliko jimbo lingine lolote, zaidi ya laki mbili na nusu, na bado wawindaji kama wanne kati ya kila watano hurudi mikono mitupu. Mimi na shemeji yangu, mzaliwa wa Tanga anayefanya kazi kwenye ghala la bidhaa mjini Denver, tulitaka kwenda wenyewe, kwa miguu, bila kiongozi wa kulipwa na bila farasi, ndani ya Flat Tops.

Flat Tops ni uwanda wa juu wa miamba ya volkano, wenye ekari 235,000 hivi, na sehemu yake kubwa iko karibu na mita 3,000 au juu zaidi. Mwaka 1919 idara ya misitu ya Marekani ilimtuma msanifu wa mandhari, Arthur Carhart, akapime viwanja vya nyumba za mapumziko kando ya Trappers Lake. Alipima, kisha akawashauri wakubwa zake paachwe kama palivyo. Wakamsikiliza. Wazo lile likasaidia kuzaa sheria ya shirikisho ya 1964 ya kulinda pori asilia, na mwaka 1975 Flat Tops ikawekwa chini ya sheria hiyo. Namheshimu sana mtu yule, maana ziwa liko vilevile hadi leo. Lakini mwindaji asome sheria yenyewe kwa makini. Ndani ya mpaka hakuna gari, pikipiki, baiskeli, msumeno wa injini, wala mkokoteni wa kusukuma kwa mikono. Kila kilo ya nyama inatoka kwa mgongo wa mtu au wa mnyama.

Kwa hiyo mpango wetu ulianzia kwenye gari ukarudi nyuma kuelekea porini. Dume wa kawaida, akishachunwa na kutolewa mifupa, huacha kilo 90 hadi 100 za nyama. Watu wawili wakibeba kilo 25 kila mmoja, nyama hiyo ni safari mbili kwa kila mtu. Hema, mablanketi na sufuria ni safari ya tatu. Mnyama akiwa kilomita 5 kutoka garini, kila mtu atatembea kilomita 25, na 15 kati ya hizo ana mzigo. Akiwa kilomita 8, zinakuwa 40. Wakati wote huo nyama inangoja. Mchana, mwishoni mwa Oktoba, joto la mlimani linaweza kufika nyuzi 15, na nyama nene iliyoshikana na mfupa wa nyonga huanza kuharibika kwa ndani kabla hujasikia harufu nje. Tukachora duara la kilomita 5 kwenye ramani, tukifuata njia ya miguu, kwa kuwa umbali wa ndege arukavyo haumsaidii mtu mwenye mzigo. Kisha kwa kalamu nyekundu tukachora mstari chini ya kambi: mnyama yeyote aliye chini ya mstari huo, korongoni, hapigwi. Mita 300 za kupanda na mzigo, kwenye hewa nyepesi vile, zilikuwa zimetuchukua saa nzima tulipofanya mazoezi ya kubeba magunia ya mchanga mwezi wa Agosti.

Kipimo hiki cha mgongo ni cha zamani. Theodore Roosevelt aliwinda milima ya karibu na Meeker, ubavuni mwa Flat Tops, mwaka 1901. Aprili 1909 akashuka Mombasa na kuingia bara na wapagazi zaidi ya 200. Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika misafara ya Afrika Mashariki ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27. Nilipoikuta namba ileile kwenye paja la wapiti nilinyamaza kidogo. Wale waliobeba mzigo huo siku baada ya siku, kwa miezi, wengi wao majina yao hayakuandikwa. Walichokijua juu ya mwili wa binadamu bado ni sahihi.

Karatasi za serikali sitazirefusha. Jimbo jirani la Wyoming halimruhusu mtu asiye mkazi kuwinda wanyama wakubwa ndani ya pori asilia la shirikisho bila kiongozi mwenye leseni au mwenyeji wa jimbo, kwa hiyo anayetaka kwenda peke yake aanze kwa kuuliza jambo hilo. (Kwetu masharti ni makali zaidi: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na nchini Tanzania mgeni hawindi bila mwindaji bingwa.) Colorado haina sharti hilo. Leseni nyingi hugawanywa kwa droo ambayo maombi yake hufungwa mapema Aprili, lakini dume la msimu wa pili wa bunduki, mwishoni mwa Oktoba, katika maeneo mengi leseni yake imekuwa ikinunuliwa moja kwa moja. Mkazi hulipa chini ya dola 100; asiye mkazi zaidi ya 700. Aliyezaliwa kuanzia 1949 lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Mwilini unavaa rangi ya chungwa kali au waridi kali, inchi za mraba 500, na kofia ya rangi hiyohiyo. Na katika maeneo mengi dume halipigwi mpaka pembe moja iwe na matawi manne, au tawi la kwanza juu ya jicho lifike inchi 5. Sharti hili la mwisho ndilo linalotaka darubini nzuri na subira.

Ramani ilituchukua jioni nyingi. Tulitumia karatasi za USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, za kipimo cha 1:24,000, zinazoonyesha kila mkunjo wa mlima. Alfajiri na magharibi wapiti hula kingoni mwa malisho, na mchana hulala kwenye misonobari iliyosongamana, hasa upande wa mlima unaotazama kaskazini ambako jua ni haba. Kati ya malisho na kivuli hicho mara nyingi pana kitako, kijiuwanda chembamba katikati ya mteremko, na hapo ndipo mnyama hupita. Tulitafuta vitako vilivyo ndani ya duara letu, juu ya mstari mwekundu, karibu na maji. Vilikuwa vinne. Moto wa Big Fish wa mwaka 2002 uliteketeza msitu mwingi kuzunguka Trappers Lake, na nyasi na vichaka vilivyoota baada yake ni chakula kizuri, kwa hiyo kitako kilichopakana na eneo lililoungua kilipanda juu kwenye orodha. Eneo hilohilo ni hatari kwa hema, kwa maana miti iliyokufa ingali imesimama na upepo huiangusha usiku. Kambi tuliiweka kilomita 3.2 kutoka garini, kwenye miti hai na mifupi.

Kisha upepo. Milimani hewa hupanda jua likishapasha mteremko, na hushuka jioni kivuli kikiingia. Wapiti humnusa mtu kabla ya kumwona, kwa hiyo asubuhi tulikaa juu ya mnyama baada ya jua kutoka, na jioni tukakaa chini yake. Shemeji alikuwa na kichupa cha poda ya watoto. Kila baada ya dakika chache alikibonyeza, unga ukatoka kama moshi, nasi tukautazama unakoelekea. Mara mbili ulirudi usoni mwetu, na mara zote mbili tukaondoka bila kubishana.

Siku ya tatu jioni dume kubwa lilitoka msituni ng'ambo ya korongo, matawi sita kila upande, mita 220 kwa kipimo cha leza. Shemeji alikuwa amelala kifudifudi, bunduki imetulia juu ya shanta.

"Shemeji, namwona bega lote."

"Yuko chini ya mstari."

Hakujibu. Alimtazama kwa darubini ya bunduki labda dakika mbili, kisha akatoa risasi kwenye chemba. Kutoka pale alipokuwa lile dume hadi kambini kulikuwa na mita 350 za kupanda, kwenye mawe yaliyolegea, na giza lilikuwa limebaki nusu saa. Naamini kabisa kwamba safari ile ilifaulu dakika ile. Kama mstari usingechorwa mapema, mezani, tukiwa tumeshiba na vichwa vimetulia, tusingeuchora pale.

Siku ya tano, saa moja na nusu asubuhi, dume dogo lenye matawi manne lilipita kwenye kitako cha pili, mita 130 kutoka tulipokaa, kilomita 4.6 kutoka garini. Shemeji alisema bismillahi akafyatua. Risasi ilipita nyuma ya bega, kwenye mapafu. Tulikaa nusu saa kwa saa ya mkononi kabla ya kusogea, maana mnyama aliyejeruhiwa akifuatwa mapema huweza kukimbia kilomita nzima. Huyu alikuwa ameanguka hatua 40 tu kutoka alipopigwa. Mimi nilifungua bunduki yangu nikaiweka chini. Tulikuwa na leseni mbili, lakini mpango ulisema mnyama mmoja, kwa sababu wawili ni safari mara mbili.

Tulimchuna kwa njia isiyopasua tumbo. Mnyama hulazwa ubavu, ngozi hupasuliwa kwa kufuata uti wa mgongo kuanzia shingoni hadi mkiani, kisha huvutwa chini kama unavyofunua shuka. Mkono wa mbele hauna kiungo cha mfupa unaoushika mwilini. Kisu hupita kati ya bega na mbavu, nao unatoka mzima. Paja lataka kutafuta kifundo cha nyonga kwa ncha ya kidole, kukata mshipa mmoja mweupe ulio ndani yake, na hapo linaachia. Sarara ya mgongoni hutoka kama kamba nene. Minofu ya ndani, chini ya kiuno, huifikia kwa kuingiza mkono nyuma ya ubavu wa mwisho na kusukuma utumbo kando. Kisha humgeuza upande wa pili. Mikono yangu ilikuwa na ganzi ya baridi, ila nyama ilifuka mvuke, nikaipasha humo. Paja moja tuliliacha na mfupa na kiungo cha kiume kikiwa kimeshikamana nalo, kwa kuwa sheria ya Colorado yataka ushahidi wa jinsia ubaki kwenye nyama. Kuacha nyama inayolika porini pia ni kosa, nami naona ni haki iwe hivyo.

Kila kipande kiliingia kwenye mfuko wa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, kikaning'inizwa kivulini, hatua mia kutoka kwenye utumbo, kwa ajili ya dubu na kunguru. Saa tano na nusu tulianza kushuka na mizigo ya kwanza. Saa nane na robo tulikuwa garini, na saa kumi tumerudi juu. Mizigo ya pili ilifika garini saa moja usiku, kwa taa za kichwani, na makasha ya barafu yakafungwa.

Kosa letu lilikuwa kichwa. Kuna ugonjwa wa ubongo wa jamii ya kulungu, kwa kifupi CWD, unaomkondesha mnyama hadi afe. Ulitambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967. Hajathibitika binadamu aliyeupata, lakini wataalamu wa afya hushauri mnyama apimwe na aliye na ugonjwa asiliwe, na vipimo huchukuliwa kwenye tezi za koo. Tulikuwa tumeamua tangu mwanzo kupima, kwa kuwa nyama hii ingeliwa na watoto na mama mkwe wangu. Tukasahau kukipigia kichwa hesabu ya mzigo. Asubuhi ya siku ya sita tulipanda tena kilomita 4.6 kukifuata, kilo 13, tukakifunga juu ya mzigo wa hema. Jumla ikawa kilomita 23 kwa kila mtu tangu risasi ilipolia, na magoti ya shemeji yalivimba wiki nzima.

Nyumbani tulipima kila mfuko kwenye mzani wa dukani: paja lenye mfupa 27, paja lililotolewa mfupa 20, mikono miwili 24, sarara na minofu ya ndani 11, shingo na mabaki ya mbavuni 14. Kilo 96. Hatukugusa hata kipande hadi majibu yaliporudi safi, kisha dada yangu akachukua shingo yote akaipikia pilau.

Ramani ya mwaka huu iko ukutani tayari. Duara tumelisogeza nusu kilomita karibu na barabara, kwa ajili ya kichwa.