Ovaloki Huchaguliwa kwa Mkono na Sikio

Januari ikikaribia na shule zikiwa mbioni kufunguliwa, mafundi wengi wa Bunda na Butiama huishia katikati ya kazi. Wanakata sketi na kaptula za sare, wanaziunga kwa cherehani ya kukanyaga, kisha wanazifunga kwenye mfuko na kumpelekea mwenye ovaloki apige kingo. Huko wanakuta foleni. Ndiyo maana anayeshonea nyumbani, akishadunduliza fedha, mashine ya pili anayoiwaza ni ovaloki. Na ndiyo maana nilipomkuta mama mmoja wa Butiama akichagua ya kwake katika duka mjini Musoma, nilivuta kiti nikakaa kutazama.

Hakuanza na bei. Alifungua mkoba akatoa vipande alivyokuja navyo kutoka nyumbani: kitenge, gabadini ya sare, kitambaa cha fulana kinachovutika na shifoni nyepesi. Kijana wa duka alikuwa na kipande chake cha majaribio, pamba nzito iliyonyooshwa vizuri. Mama akamrudishia kwa upole. “Hiki, mwanangu, kila mashine inakiweza.”

Mbele yake palikuwa na mashine mbili. Moja ilikuwa kichwa kidogo cheusi cha Kichina, sindano moja na nyuzi tatu, ambacho mtu anaweza kukifunga kwenye meza ya kukanyaga au kukiwekea mota ndogo. Nyingine ilikuwa nyeupe, ya umeme, sindano mbili na nyuzi nne. Pembeni ilisimama ya kiwandani ya nyuzi tano, zile zinazopiga mishono maelfu kwa dakika. Hiyo aliipita bila kuigusa, na nadhani alikuwa sahihi: inataka karakana na kazi ya kutwa.

Ovaloki haina bobini. Badala yake kuna lupa mbili, vyuma vyembamba vilivyopinda, kila kimoja kikibeba uzi wake. Kisu kinapunguza ukingo wa kitambaa; sindano inashuka; lupa ya chini inadaka uzi wa sindano upande wa chini; lupa ya juu inapita kwenye kitanzi cha mwenzake na kupandisha uzi wake hadi juu, na sindano ikishuka tena inaufunga hapo. Ukingo unakatwa, unavikwa na kufungwa kwa mpigo mmoja. Kazi hii inahusishwa na kampuni ya Merrow ya Connecticut, Marekani, mwaka 1881, na hadi leo ukifungua kifuniko cha mashine ya dukani Musoma unakuta vyuma vikipokezana kwa utaratibu huohuo.

Mama alianza kwa kutoa nyuzi zote alizozikuta kwenye ile nyeupe. Kijana akashtuka kidogo, maana kutunga upya ovaloki huwatoa watu jasho. “Nataka nijue kama macho yangu yanaiweza,” akasema. Akatunga lupa ya juu kwanza, akifuata alama za rangi. Ikafuata lupa ya chini, ambayo tundu lake limejificha ndani kushoto. Akazungusha gurudumu taratibu kwa mkono mpaka lupa ikajitokeza, ndipo akapitisha uzi kwa kibano. Sindano zikaja mwisho. Ukizitunga kabla ya lupa ya chini, uzi unanaswa huko chini na kukatika, nawe utaanza tena. Hakuharakisha hata hatua moja.

Gabadini ikatangulia. Alishona kipande kirefu, akakigeuza, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango. Uzi wa lupa ya chini ulikuwa umevutwa hadi upande wa juu. Akalegeza kidogo kikazio cha lupa ya juu, akashona tena, akageuza. Mara ya tatu vitanzi vya juu na vya chini vilikutana ukingoni kabisa, na kitambaa kikalala bila kujikunja. Ndipo akakishika kwa mikono miwili na kukivuta karibu na sikio, akisikiliza kama kuna uzi unaokatika. Palikuwa kimya.

Kitambaa cha fulana ndicho kilichonionyesha kwa nini alikuja nacho. Kwenye kile kichwa cheusi ukingo ulitoka na mawimbi, kwa kuwa kitambaa kilivutwa kikiwa chini ya mguu. Ile nyeupe ina meno ya mbele na meno ya nyuma, na mwendo wa meno hayo unaweza kutofautishwa. Mama akaongeza mwendo wa meno ya mbele, kitambaa kikaingia kwa wingi kuliko kinavyotoka, na mawimbi yakaisha. Kwa shifoni akaugeuza mpango huohuo, meno ya mbele yaende polepole, ili isijikusanye.

Kabla ya kitenge alikagua pini zote na kuzitoa. Pini moja ikipita kwenye kisu, kisu kimeharibika. Alishona kona yenye matabaka manne, akaacha mashine iendelee mpaka ikatoa mkia mrefu wa nyuzi zilizosokotana. Kisha akatoa mkobani sindano ya mkono yenye tundu pana, akaupitisha mkia ule chini ya mshono na kuukata. Kwa nini ufanye hivyo kwenye kipande cha kutupa? Mkono wake haujui kuacha mshono wazi. Nilifikiri juu ya mkoa huu unaolima pamba, na mji huu uliowahi kuwa na kiwanda chake cha nguo, MUTEX. Heshima kwa kitambaa si jambo geni hapa.

Maswali yake kwa muuzaji yalikuwa machache. Sindano zake ni hizi za cherehani zinazopatikana Bunda, au za kuagiza? Kisu cha akiba kipo? Nani anaitengeneza lupa zikipoteza mpangilio? Alipojibiwa kwamba sindano ni za kawaida, akaitoa ile ya kushoto, akashona kwa nyuzi tatu, akaridhika kwamba mashine moja itamfanyia kazi mbili: nyuzi tatu kwa kingo za sare, nyuzi nne kwa kuunga fulana za michezo. Akainunua nyeupe.

Anayeshona sare na vitenge tu, na nyumbani kwake umeme ni wa kubahatisha, namshauri achukue kile kichwa cheusi akifunge kwenye meza ya kukanyaga, kitamtosha. Lakini yoyote utakayoichagua, beba vipande vyako mwenyewe, tunga nyuzi kwa mkono wako, na usilipe kabla hujauvuta mshono.