Kura 47 za North Carolina

Oktoba 2022, kabla msimu haujaanza, waandishi wa habari wanaopiga kura ya Associated Press kuhusu timu bora za mpira wa kikapu vyuoni Marekani waliiweka North Carolina juu ya zote. Kati ya wapiga kura 62, 47 waliipa nafasi ya kwanza; Gonzaga, iliyoshika ya pili, iliambulia kura 12 za namna hiyo. Machi iliyofuata timu hiyohiyo, yenye ushindi 20 na vipigo 13, iliachwa nje ya mashindano ya NCAA ambayo yalikuwa na nafasi 68. Tangu mashindano hayo yapanuliwe kuwa ya timu 64 mwaka 1985, haijatokea timu nyingine iliyoanza msimu ikiwa nambari moja ikayakosa. Lawama zilikwenda kwa kocha Hubert Davis, kwa ari ya wachezaji, kwa bahati. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba sehemu kubwa ya anguko lile ilionekana tangu Oktoba kwa yeyote aliyekuwa tayari kuuliza ni nini kilichorudi, badala ya kuuliza ni nani waliorudi.

Turudi kwenye walichokuwa nacho wapiga kura. Aprili 2022 North Carolina ilifika fainali, ikaenda mapumziko ikiwa mbele ya Kansas kwa pointi 15, kisha ikalala 72–69. Siku mbili kabla ilikuwa imeitoa Duke 81–77 katika mechi ya mwisho ya kocha wake Mike Krzyzewski. Wanne kati ya watano wa kikosi cha kwanza walitangaza kurudi: Armando Bacot, Caleb Love, RJ Davis na Leaky Black. Katika enzi ambayo wachezaji wanahama kila kiangazi, hasa baada ya NCAA kuruhusu mwaka 2021 uhamisho wa kwanza bila adhabu ya kukaa nje mwaka mzima, kikosi kilichobaki pamoja kwa kiasi hicho ni mali adimu. Na kanuni inayowaongoza watabiri wengi ni ya kweli: timu inayobaki na dakika nyingi za msimu uliopita kwa kawaida huboreka, kwa sababu wachezaji wa umri huo bado wanakua. Kwa juu juu, basi, hapakuwa na kosa.

Tatizo linaanza ukiuangalia msimu wenyewe mzima. North Carolina iliingia kwenye mashindano ya 2022 ikipangwa nambari 8 katika kanda yake, yaani kamati iliyoipima mechi kwa mechi iliiona kama timu ya thelathini hivi nchini. Haikuonewa. Ilikuwa imepigwa na Kentucky 98–69, na Miami 85–57, na Wake Forest 98–76, na Duke 87–67 kwenye uwanja wake yenyewe. Katikati ya Februari ilipoteza nyumbani mbele ya Pittsburgh, timu iliyokuwa karibu na mkia wa ligi. Ndipo yakaja majuma saba mazuri. Timu zinazoshindana kwa karibu hivyo hutenganishwa na mitupo miwili mitatu, na mechi sita za mtoano ni kipimo kidogo mno cha kufuta mechi 33 zilizotangulia. Wanaotabiri kwa kompyuta, kama Ken Pomeroy, ambaye alianzia kwenye utabiri wa hali ya hewa, huuepuka mtego huu kwa kupima pointi ambazo timu inafunga na kufungwa katika kila zamu 100 za kumiliki mpira, kisha kurekebisha kwa ubora wa wapinzani. Katika hesabu ya namna hiyo, kuifunga Duke nusu fainali hakupewi uzito wa ziada kwa sababu nchi nzima ilikuwa inatazama. Kwenye kumbukumbu ya mwandishi anayejaza fomu ya kura miezi sita baadaye, usiku ule unazimeza mechi zote za Januari.

Hapa kuna pingamizi zito. Mtu anaweza kusema: timu ya Machi haikuwa ile ya Januari. Ilibadilika kweli, si kwa bahati, na baada ya kipigo cha Pittsburgh ilishinda mechi 11 kati ya 13 zilizobaki. Kwa nini basi tuihukumu kwa mechi za timu iliyokwisha kufa? Pingamizi hili ni sahihi, na ndilo linaloibomoa kura ya Oktoba kuliko hoja nyingine yoyote. Kilichobadilika kinajulikana. Dawson Garcia aliondoka kikosini Januari, na nafasi ya mchezaji mrefu wa pili ikawa ya Brady Manek moja kwa moja. Manek ana urefu wa futi 6 na inchi 9, na msimu ule alifunga mitupo 98 ya pointi tatu kati ya 243, zaidi ya asilimia 40. Beki mrefu wa upande wa pili alilazimika kumfuata hadi nje ya mstari wa pointi tatu, na akitoka, Bacot anabaki chini ya kikapu na mlinzi mmoja tu, huku Love na RJ Davis wakipata njia wazi ya kupenya. Bacot alimaliza msimu kwa wastani wa pointi 16.3 na ribaundi 13.1. Kwa hiyo kama unaamini timu ilizaliwa upya, lazima uamini pia kwamba mkunga wake alikuwa Manek, na Manek ndiye pekee kati ya watano ambaye miaka yake ya chuo ilikuwa imekwisha. Huwezi kuipa timu sifa za majuma yale saba ukamwondoa aliyeyawezesha, halafu ukasema asilimia 80 ya kikosi imerudi.

Wapiga kura hawakuwa vipofu kwa pengo hilo. Jibu lao lilikuwa Pete Nance, mrefu wa kutoka Northwestern, ambaye msimu wa 2021–22 alifunga mitupo 38 ya pointi tatu kati ya 84, yaani asilimia 45. Kwenye karatasi ni bora kuliko Manek, na wengi wakaona mgeni amekuja mwenyeji apone. Lakini mitupo 84 ni michache sana. Mdunguaji ambaye uwezo wake halisi ni asilimia 37 akijaribu mara 84, kupata asilimia 42 au 32 ni jambo la kawaida kabisa, na 45 si muujiza. Njia rahisi ya kujikinga ni kumwongezea kila mchezaji mitupo 200 ya kubuni iliyofungwa kwa kiwango cha kawaida cha vyuoni, tuseme asilimia 34, kabla ya kumlinganisha na mwenzake. Nance anakuwa na 106 kati ya 284, asilimia 37. Manek anakuwa na 166 kati ya 443, asilimia 37 na ushei. Ile faida ya pointi tano imeyeyuka. Na hapo bado hatujafungua miaka ya nyuma, ambako Manek alikuwa mdunguaji wa kutegemewa kwa misimu minne mfululizo huko Oklahoma, wakati Nance alikuwa na mwaka ambao hakufika hata asilimia 30. Tena idadi yenyewe ya majaribio ni habari. Mchezaji anayerusha mara sita kwa mechi anawavuta mabeki kwa sababu wanajua atarusha. Anayerusha mara tatu anaachiwa nafasi, na akiachiwa, mlinzi wake anasimama mlangoni mwa Bacot. Nance alimaliza mwaka wake North Carolina kwa takribani asilimia 32.

Kwa Love hesabu ni fupi zaidi. Mwaka wake wa kwanza alifunga asilimia 26.6 ya mitupo ya pointi tatu, wa pili asilimia 36. Ukiichanganya yote unapata kama 33, na hiyo ndiyo namba ya kuanzia. Watabiri walianzia na ile 36, tena wakiwa na kumbukumbu ya pointi zake 30 dhidi ya UCLA na 28 dhidi ya Duke. Kwenye fainali hiyohiyo walioipenda alifunga mitupo 5 kati ya 24. Msimu wa 2022–23 akashuka hadi asilimia 29.9. Hakuna aliyeweza kujua atashuka kiasi hicho. Kwamba angeshuka ndilo lililokuwa tegemeo la busara.

Unganisha hayo mawili uone ukubwa wake. Timu nzima ilitoka kwenye takribani asilimia 36 ya mitupo ya mbali ikaangukia 31.2. Ikirusha mara 24 kwa mechi, tofauti hiyo ni kikapu kimoja na kidogo, yaani pointi tatu na nusu hivi kila usiku. Zinaonekana chache. Lakini soma matokeo: Pittsburgh 76–74, Pittsburgh tena 65–64, Alabama 103–101 baada ya vipindi vinne vya nyongeza, Iowa State 70–65, Duke 63–57 na 62–57. Duke wale wa mwisho walikuja Chapel Hill wakaondoka na ushindi katika mechi ambayo North Carolina iliihitaji kuliko zote. Bacot, kwa upande wake, aliendelea kufunga karibu pointi 16. Nguzo iliyotabiriwa ilisimama. Kilichokosekana ni nafasi ya kuizunguka.

Mtetezi wa kura ile atasema orodha hiyo ni ushahidi wa bahati mbaya, na kwamba mechi nne zikigeuka timu inaingia mashindanoni bila mtu kuuliza. Atataja pia kifundo cha mguu cha Bacot kilichomtoa mapema kwenye mechi ya Virginia Januari. Nakubali. Utabiri wa haki kwa North Carolina ungekuwa wa timu ya kumi au ya kumi na tano, yenye nafasi ndogo lakini halisi ya kuishia pale ilipoishia. Ila huo ni utetezi wa kutabiri kwa kiwango cha uwezekano, na kura ya kupanga safu haina mahali pa kuandika uwezekano. Timu iliyo bora nchini kwa uwazi hubeba bahati mbaya ya aina hiyo na bado inashinda mechi 25. Timu iliyoanza msimu ikiwa na akiba ndogo haina ziada ya kupoteza. Kuhusu majeruhi, kikosi cha 2022 kiliwachezesha watano wa kwanza karibu dakika zote, jambo lililosifiwa sana. Mtabiri alipaswa kulisoma pia kama dalili kwamba benchi halikuwa na mtu wa kuziba pengo.

Wala sisemi kura za kabla ya msimu ni za kutupa. Zina taarifa nzuri, kiasi kwamba mtakwimu Nate Silver aliziingiza katika mfumo wake wa kutabiri mashindano ya Machi, kwa sababu maoni ya Oktoba kuhusu vipaji mara nyingi yanaona kitu ambacho matokeo ya msimu yanakificha. Mfano mzuri ni Virginia. Machi 2018 ilikuwa timu ya kwanza ya wanaume iliyopangwa nambari 1 kufungwa na ya nambari 16, tena 74–54 na UMBC. Wapiga kura hawakubabaika: msimu uliofuata waliiweka ya tano, wakijua kwamba De'Andre Hunter hakucheza usiku ule kwa sababu ya mkono uliovunjika, na kwamba timu hiyo ilikuwa imeshinda mechi 31 na kupoteza 2 kabla ya fedheha ile. Aprili 2019 Virginia ikawa bingwa kwa kuifunga Texas Tech 85–77 katika muda wa nyongeza. Mantiki ni ileile. Mechi moja ya aibu ilipunguzwa uzito kwa ajili ya msimu mzima, na ikawa sawa. Miaka minne baadaye mechi chache za fahari hazikupunguzwa, labda kwa sababu kumwambia msomaji asahau ushindi ni kazi ngumu kuliko kumwambia asahau kipigo.

Kilichofuata kinanivutia zaidi kuliko anguko lenyewe. Love alihamia Arizona, akawa mchezaji bora wa ligi ya Pac-12. Oktoba 2023 North Carolina ikawekwa ya 19, kana kwamba adhabu ya mwaka uliopita ilikuwa bado inalipwa. Ikashinda ligi ya ACC kwa mechi 17 kati ya 20, RJ Davis akawa mchezaji bora wa ligi hiyo, na Machi ikapangwa nambari 1 katika kanda yake. Nafasi ya yule mrefu wa pili ilichukuliwa na Harrison Ingram kutoka Stanford. Na hapa kanuni yangu ya mitupo 200 ingeshindwa vibaya: kwa miaka miwili Stanford, Ingram hakuvuka asilimia 32 ya mitupo ya mbali, kwa hiyo hesabu ingemweka karibu na 33. Alifunga zaidi ya 38. Mtu aliyetazama jinsi mitupo yake ya Stanford ilivyokuwa ikipatikana, mingi akiwa na mpira mkononi mwake na mlinzi usoni, angeweza kukisia kwamba akisimama pembeni na kulishwa na Davis angefunga zaidi. Ile safu ya asilimia haioni mtupo ulitoka wapi.