Kitumbua Kinashikwa na Nini? Uchambuzi wa Jiko Lisilo na Ngano

Kitumbua hakina gluteni hata chembe. Hata hivyo huumuka, huwa na matundu ndani, hushikika mkononi na hakimeguki ovyo kikichovywa kwenye chai. Mtu mzima aliyeambiwa na daktari asile ngano tena maisha yake yote angefanya vyema kuanza na swali hilo: kitumbua kinashikwa na nini? Wengi huanza kwingine. Hutafuta unga maalumu wa bei kali kutoka ng'ambo, wakaukanda kama walivyozoea kukanda ngano, wakausukuma, na chapati ikapasuka kabla ya kufika kikaangoni. Mimi nimeiacha ngano ukubwani, baada ya miaka mingi ya kuwapikia watu wa nyumbani chapati na mahamri, na ninaamini kwa dhati kwamba cha kwanza kubadilisha ni mbinu. Unga hufuata baadaye, na mwingi wake tayari uko sokoni kwetu.

Ni lazima kwanza kujua gluteni hufanya kazi gani. Unga wa ngano huwa na protini kati ya asilimia 10 na 14 hivi, na sehemu kubwa ya protini hiyo ni gliadini na glutenini. Zikiwa kavu hazina athari yoyote katika upishi. Ukitia maji na kukanda, hushikana na kufanya wavu, na huo ndio gluteni: gliadini hulipa donge uwezo wa kuvutika, glutenini hulipa nguvu ya kurudi lilipotoka. Hewa inayotolewa na hamira hunaswa humo, na wanga hukaa katikati ya nyuzi. Ndiyo sababu donge la chapati hufunikwa na kuachwa lipumzike: wavu uliokazwa na mikono hulegea, ukakubali kusukumwa hadi ukawa mwembamba. Mchele, mahindi, mtama, ulezi na muhogo havina wavu huo. Unga wa mchele ukikandwa nusu saa hautapata kitu ambacho haukuwa nacho mwanzoni.

Sasa tutazame anachofanya mpika vitumbua. Huroweka mchele usiku kucha, akausaga na tui zito, akatia hamira, sukari na iliki. Anachokipata ni uji, wala hajaribu kuugeuza donge. Mchele ulioroweshwa husagika laini sana, na uji wake ukiwa na uzito unaofaa huzuia mapovu ya hamira yasipande juu na kupasuka upesi. Wapo wapishi wanaotia ukufi wa wali ndani ya mchele wanapousaga, na hapo ndipo penye ufundi mkubwa. Wanga wa wali umekwisha kuiva, umenywa maji na kuvimba, kwa hiyo hufanya uji uwe mzito na wenye kunata hata kabla ya kuona moto. Hewa hubaki ndani. Kisha uji unamiminwa kwenye kikaango chenye vishimo na mafuta ya moto. Wanga huiva kwenye joto la kati ya nyuzi 60 na 80 hivi, kutegemea nafaka: punje zake hunywa maji, huvimba na kugandana. Kwenye chuma cha moto jambo hilo hutokea kwa muda mfupi, na kuta za kila povu hukaza kabla povu halijatoroka. Kishimo chenyewe hushikilia ubavu wa kitumbua mpaka kiweze kujishika.

Mkate wa kumimina huenda mbele zaidi. Hapo ute wa yai huongezwa, nao ni protini inayoganda kwa moto. Sufuria hufunikwa na joto likaja chini na juu, mkate wa kimo cha kutosha ukasimama bila ngano. Mambo yote anayoyatafuta mpishi aliyeacha gluteni yamo katika mapishi haya mawili: wanga ulioivishwa mapema, uji badala ya donge, protini inayoganda, moto wa haraka na chombo chenye kuta. Waliotuachia mapishi haya walikuwa mafundi, na ni haki tuwatambue hivyo.

Tuipeleke mbinu hiyo kwenye chapati. Njia rahisi ni chapati ya maji: unga wa mchele na unga wa dengu, maji, chumvi, kitunguu ukipenda, kisha kuacha uji ukae ili unga unywe maji vizuri. Dengu ina protini nyingi inayoganda kwa joto, kwa hiyo chapati hugeuzwa bila kukatika. Chapati ya kusukuma inahitaji kazi zaidi, na ufunguo wake ni maji yanayochemka. Chukua kikombe kimoja cha unga wa mchele kwa kikombe kimoja cha maji, chumvi kidogo na kijiko cha mafuta. Maji yakichemka hasa, punguza moto, mimina unga wote kwa mara moja, koroga kwa mwiko, funika na uepue. Baada ya dakika 5 kanda ungali moto kadiri mikono inavyostahimili. Sehemu ya wanga imeiva hapohapo sufuriani, na huo ndio unaolishika donge, kama wali ulivyofanya kwenye uji wa vitumbua. Sukuma katikati ya nailoni mbili safi zilizopakwa mafuta. Unga wa mtama nao hukubali njia hii. Maganda ya mbegu za isabgoli, ambayo watu huyanunua kwa ajili ya kulainisha choo, hunywa maji na kutoa utelezi unaoshika. Kijiko kimoja kwa vikombe viwili vya unga, na maji zaidi kidogo, hufanya donge likunjike bila kupasuka.

Chapati hizi huliwa zingali moto. Wanga ulioiva ukipoa hujipanga upya na kukaza, kama tunavyouona katika wali uliolala. Ukizirudisha motoni na matone machache ya maji juu yake, zikiwa zimefunikwa, hulainika tena.

Mahamri ni habari nyingine. Yanataka donge linalovutika, linalovimba ndani ya mafuta na kubaki wazi katikati, na hiyo ni kazi ya gluteni tupu. Nimeonja yaliyotengenezwa kwa unga mchanganyiko, na uamuzi wangu ni kwamba yaachwe. Mbaazi za nazi na vitumbua ni staftahi kamili.

Ugumu mkubwa zaidi wa jiko hili ni usafi wake. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa akichunguza uhusiano wa ngano na ugonjwa wa siliaki tangu miaka ya 1930, na tasnifu yake ya mwaka 1950 huko Utrecht ndiyo iliyoweka msingi wa tiba tunayoifuata mpaka leo: kuacha ngano, shayiri na rai kabisa. Kwa mgonjwa wa siliaki, mwili wenyewe hushambulia utumbo mwembamba kila gluteni inapoingia, na vijidole vidogo vinavyofyonza virutubisho husinyaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 tu za gluteni kwa siku, kwa muda wa miezi 3, zinatosha kuudhuru utumbo huo. Kipande kimoja cha mkate kina takriban gramu 2. Kwa hesabu hiyo, makombo ya sehemu moja ya 40 ya kipande yanatosha. Kanuni za kimataifa za vyakula, Codex, huruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni kikiwa na isiyozidi miligramu 20 kwa kilo.

Kwa hiyo kibao cha chapati na mti wake wa kusukumia, mwiko wa mbao na chekecheke ya zamani havifai tena. Unga hujificha kwenye nyufa na matundu. Mafuta yaliyokaangia sambusa hayafai kukaangia muhogo wako. Mashine ya kusaga ya mtaani nayo ni ya kuangaliwa sana, maana mahindi yako yanaweza kupita pale ilipopita ngano ya mwenzio muda mfupi uliotangulia. Hapa mchele wa kuroweka unatusaidia mara ya pili: unauchambua na kuuosha mwenyewe, unausaga kwenye blenda yako, na haujapita kwenye mashine ya mtu.

Ngano pia hujificha katika vyakula ambavyo hakuna anayeviita vya ngano. Urojo wa Zanzibar mara nyingi hukolezwa uzito kwa unga wa ngano, ingawa unga wa dengu hufanya kazi hiyo vizuri. Bokoboko ni ngano yenyewe. Shurba ya Ramadhani hupikwa kwa shayiri au ngano. Katlesi huviringishwa kwenye chenga za mkate, sosi ya soya nyingi ina ngano, na mvuje wa unga wa pakiti mara nyingi huchanganywa nayo. Bia za kawaida na vinywaji vya malti hutokana na shayiri. Unga wa uji wa lishe wa mchanganyiko usiojulikana usinunuliwe. Nunua ulezi wako mwenyewe, uuchambue. Una kalsiamu inayozidi miligramu 300 kwa gramu 100, na mtu ambaye utumbo wake umekaa muda mrefu bila kufyonza vizuri anaihitaji sana.

Ukialikwa, usione haya kumwuliza mwenyeji ametumia nini kwenye mchuzi. Uliza mapema, kabla chungu hakijabandikwa, na umwambie wazi kwamba ni maradhi, si kuchagua chakula. Shangazi au mama mkwe aliyeelezwa kwa heshima ndiye mlinzi bora wa sahani yako, na pilau, samaki wa kupaka na wali wa nazi havihitaji ngano hata kidogo.

Neno langu la mwisho ni kwa anayesoma haya akiwa na tumbo linalomsumbua na damu isiyopanda, akiwaza kuacha ngano kuanzia kesho. Usiache kwanza. Kipimo cha damu cha siliaki hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitoa gluteni inapoliwa. Ukiacha kabla ya kupimwa, zinaweza kupungua na majibu yakakudanganya. Usikubali pia kuambiwa huu ni ugonjwa wa Ulaya: watoto wa Wasahrawi wa Sahara Magharibi walipochunguzwa katika miaka ya 1990, zaidi ya 5 katika kila 100 walikutwa nao. Nenda kapimwe ukiwa bado unakula chapati, kisha roweka mchele.