Mfupa Haujui Tarehe ya Kuzaliwa

Leo tukosoe vitabu vya mifupa. Najua wengi mutasema hiyo ni kazi ya wanafunzi wa udaktari. Hapana. Kwetu Ituri mfupa ulishaitwa kutoa ushahidi kortini, na swali lilikuwa moja tu: huyu mtoto alikuwa na miaka mingapi?

Tuanze na fuvu. Lina mifupa 22: 8 inafunika ubongo, 14 inajenga uso. Mtoto akizaliwa, mifupa ya juu haijashikana. Kuna nafasi laini ambayo mama zetu wanaiita utosi. Ule wa nyuma unafunga katika miezi michache ya kwanza, wa mbele kwa kawaida kabla ya mwaka wa pili kuisha. Taya ya chini nayo inazaliwa ikiwa vipande viwili, vinaungana ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo fuvu la mtoto mchanga linasomeka vizuri. Ukikosea, unakosea miezi. Lakini kadiri mtu anavyokua, ndivyo fuvu linavyoficha siri yake.

Mwaka 1924 na 1925, T. Wingate Todd na D. W. Lyon wa Cleveland, Marekani, walichapisha makala juu ya mishono ya fuvu, ile mistari ambapo mifupa inakutana. Hoja yao: mishono inafunga kwa mpangilio, basi ukiitazama utakadiria umri wa marehemu. Wakati ule wengi walipima mafuvu ili kudharau watu weusi. Hawa wawili walisema mpangilio ni mmoja kwa weusi na weupe. Hapo nawapongeza. Ila kuna kitu kinaniudhi: mafuvu ambayo hayakufuata mpangilio waliyatoa kwenye hesabu. Kanuni inapendeza juu wabishi wamefukuzwa nje ya chumba! Leo tunajua mishono inatofautiana sana kati ya mtu na mtu, na peke yake ni shahidi dhaifu.

Taya inafanya vizuri zaidi. Mwaka 1973 Demirjian na wenzake wa Montreal waligawa ukuaji wa meno saba ya taya ya chini, upande wa kushoto, katika hatua nane, kutoka A mpaka H. Kwangu mimi hii ndiyo kazi bora kati ya hizi. Haiulizi tu kama jino limetoka kwenye ufizi. Inatazama mzizi unavyojengwa ndani ya mfupa, na njaa haivurugi meno sana kama inavyovuruga mifupa. Lakini watoto waliopimwa walikuwa wa Kanada, wa asili ya Kifaransa. Tena, gego la pili linatoka karibu na miaka 12, la mwisho kati ya 17 na 21, na kwa wengine halitoki kabisa. Karibu na miaka 15 yale meno saba yanakaribia kumaliza kazi yao, na gego la mwisho bado liko mbali. Taya inanyamaza pale pale sheria inapouliza.

Njo maana watu wakakimbilia mkono. Atlasi ya Greulich na Pyle, chapa ya kwanza 1950, ya pili 1959, ilifuata njia ambayo Todd huyo huyo alikuwa ameifungua. Unapiga eksirei ya mkono wa kushoto, ile tunaita radio, unalinganisha na picha za kitabu, unasoma umri wa mifupa. Ni kitabu kizuri, chepesi kutumia. Lakini ni mikono ya nani? Ya watoto weupe wa Cleveland, wa familia zenye uwezo, waliopigwa picha kati ya 1931 na 1942. Mtoto aliyekulia ufuoni kwetu Tchomia, malaria leo, kukimbia vita kesho, chakula kwa bahati, mifupa yake inaweza kuchelewa sana. Atlasi ilitungwa ili munganga ajue kama mtoto anakua sawa, na kwa kazi hiyo kuchelewa ni habari yenye maana. Kortini, kuchelewa kule kule kunageuka kosa la hesabu.

Na kesi tunayo. Katika kesi ya Thomas Lubanga kule La Haye, mashtaka yalihusu watoto wa chini ya miaka 15 walioingizwa jeshini kati ya Septemba 2002 na Agosti 2003. Eksirei za mikono na meno zililetwa. Wataalamu wenyewe walieleza mipaka ya njia hiyo, na katika hukumu ya tarehe 14 Machi 2012 majaji waliupokea ushahidi huo kwa tahadhari. Picha za video zilikuwa na uzito, kama ile ya kambi ya Rwampara ya tarehe 12 Februari 2003, ambamo baadhi wanaonekana wazi ni watoto.

Mimi naona majaji walifanya vyema. Lakini fikirini vizuri: mtoto wa miaka tisa, jicho linamtosha. Yule wa miaka 14 mwenye mwili mkubwa, nani atamtetea? Na wa miaka 16 aliyedumaa, akihesabiwa wa 14, mshtakiwa naye ameonewa. Pale tunapouhitaji mfupa zaidi, ndipo unapojibu kwa kigugumizi.

Mtu ataniuliza: bila karatasi, tufanye nini? Ubelgiji bado inapima meno, mkono na mfupa wa mtulinga wa vijana wanaoomba ukimbizi wakisema hawajafikisha 18. Swali hilo ni la haki, na sisemi tutupe mashini. Nasema jibu litolewe kwa upana wake: «kati ya miaka fulani na fulani», kamwe isiwe tarehe moja. Na pale shaka inapobaki, imnufaishe mtoto anayeomba ulinzi. Kortini, imnufaishe mshtakiwa.

Kisha kuna sehemu yetu. Tuko na wanafunzi wa udaktari, wa meno, wa maabara. Watoto wenye cheti wanaopigwa eksirei ya taya kwa sababu ya ugonjwa, kwa ruhusa ya wazazi, wanaweza kuwa mwanzo wa kipimo cha kwetu. Tusimpige mtoto mzima miale kwa udadisi tu. Na sisi wengine, tupeleke watoto wetu kuandikishwa. Pale Tchomia mama atakuambia huyu alizaliwa wakati tulikimbilia ng'ambo Uganda. Hiyo ni kumbukumbu ya kweli, ila afisa wa kule mbali haisomi. Kalamu ya siku ya kuzaliwa inashinda atlasi zote, na haihitaji hata umeme.