Masikio Yasomayo

Laptopu yenye kioo kilichopasuka haina soko Kisumu. Anayeuza mitumba ya kompyuta ataitoa kwa bei ya kutupa, na mtu asiyeona ataitumia miaka. Kioo si kitu kwake. Huuzima hata mwanga wake, na stima ikipotea betri inamvusha.

Ninaowasifu hapa ni watumiaji wa Linux wasioona. Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, ikiwashwa kutoka kwenye flashi, unabonyeza Alt na S pamoja na kitufe chenye nembo ya Windows (ndiyo, hicho hicho), na Orca, programu inayosoma skrini kwa sauti, inaanza kusema kabla mfumo haujasakinishwa. Haitwi jirani mwenye macho aje kubofya. Orca ilizaliwa katika kampuni ya Sun Microsystems, miaka ya 2000, na haina bei; JAWS, ya namna hiyo upande wa Windows, inauzwa, tena ghali.

Sauti ya eSpeak, ambayo Orca huisemea, ni kavu, ya bati. Mgeni husikia kelele tu. Mzoefu huiongeza kasi hadi inampita makanga wa Kondele anayeita abiria, na koma haimponyoki. Sauti tamu zilizorekodiwa kwa watu huanza kumumunya maneno zikikimbizwa. Hii, inayoundwa na kompyuta kwa hesabu, hubaki na ncha. Ndiyo maana mafundi wa kusikiliza hawaibadilishi.

Mikono nayo haikai bure. Ukurasa wa gazeti la mtandaoni hausikilizwi wote: H inaruka hadi kichwa kinachofuata, K hadi kiungo, T hadi jedwali. Aliyefunzwa nukta nundu, kama wanafunzi wa shule ya wasioona ya Kibos, anaweza pia kuunganisha kifaa cha nukta kupitia BRLTTY, programu huria iliyoanza 1995, akahakiki tahajia kwa vidole.

Kinachonivutia zaidi ni matengenezo. Sauti ya Kiingereza ikitamka jina la Dunga kama “Danga”, mtumiaji mwenyewe anafungua kamusi ya matamshi ya Orca na kuirekebisha. Kanuni za eSpeak nazo ni faili za maandishi ya kawaida. Kiswahili kimo, na anayetaka kuandaa kanuni za Dholuo, lugha ya Wajaluo, haombi ruhusa kwa mtu. Kazi ni ngumu, kwa kuwa tahajia ya Dholuo haionyeshi toni, wala haitofautishi irabu zote. Hapo jicho halisaidii sana. Anatakiwa mtu aliyezoea kusikiliza kutwa.